Boti ileile, betri ileile: kwa nini iliruka Matema na ikalala Mufindi?

#1 MwalimuTukuyu
Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo limewagawa walimu wa shule nne, na ambalo wanafunzi wetu wanalijadili kwa bidii kuliko mtihani wa muhula.

Shule mbili za Rungwe na Kyela pamoja na mbili za Mufindi zilikubaliana kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu wabuni na kuunda boti ndogo za kuongozwa kwa rimoti, kisha washindane. Masharti yalikuwa machache: boti isizidi sentimita 60 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), iwe na mota moja ya umeme, betri isipite volti 12.6 ikiwa imejaa, na kila kitu kisichokuwa rimoti, mota, kidhibiti mwendo au seli za betri kiundwe kwa mikono ya wanafunzi. Kwa kuwa nauli ya kuwakutanisha wote haikupatikana, kila upande ulikimbia kwenye maji ya karibu, mita 50 za mstari ulionyooka, na muda ukalinganishwa kwa simu. Sisi tulikimbia Matema mwezi Mei, na boti yetu bora ilitumia sekunde 14. Wenzetu walikimbia katika bwawa la Ngwazi, na bora yao ilitumia sekunde 17.

Wenzetu hawakuridhika, na walikuwa na haki ya kutoridhika. Mwezi Julai tukaipeleka boti yetu Mufindi, ikashushwa majini saa mbili na nusu asubuhi mbele ya mashahidi wa pande zote. Ikatumia sekunde 19, na iliporudiwa haikubadilika.

Wanafunzi wangu wanadai kwamba kimo ndicho kilichoiangusha: uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ngwazi iko juu ya mita 1,800. Wanataka kila boti inayokimbia juu huko ipunguziwe sekunde kadhaa kabla ya kulinganishwa na za ziwani. Je, dai hilo lina msingi wa kifizikia, au tunatafuta kisingizio?

#2 MpitaNjia
Mkuu, mimi si fundi wala mwanafizikia, lakini hata binadamu akitoka Kyela mwezi Julai na kushushwa Mufindi saa mbili na nusu asubuhi bila sweta hawezi kukimbia mita 50 kwa muda wake wa kawaida. Nakaa hapa kusoma.

#3 Nyalukolo
Namshukuru mleta uzi kwa kueleza bila kuficha, kwa sababu siku hiyo nilikuwepo ukingoni na aliyoyasema ndiyo yaliyotokea.

Hoja ya kimo ingekuwa na nguvu kama boti zingekuwa za petroli. Injini ya petroli hupumua, na kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi, kiasi kwamba mafundi hukadiria hasara ya kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ndiyo maana pikipiki iliyosetiwa kabureta pwani hutoa moshi mweusi na kukohoa ikifika huku kwetu. Mota ya umeme haipumui. Isitoshe, boti yetu ilikimbia kwa sekunde 17 katika bwawa hilohilo na chini ya hewa hiyohiyo. Kama kimo kinaua boti, mbona hakikuiua yetu?

#4 Kipimo
Kuhusu petroli, Nyalukolo amesema kweli. Hoja yake ya mwisho, hata hivyo, haishiki, kwa sababu boti yao iliundwa, ikajaribiwa na kurekebishwa hapohapo bwawani, na hakuna ajuaye ingefanya nini Matema. Pengine ingetumia sekunde 12.

Kuna jambo la ajabu kidogo katika dai la kimo. Hewa ya Mufindi ni nyepesi kuliko ya Kyela, kwa hiyo upinzani wa hewa dhidi ya sehemu ya boti iliyo juu ya maji unapungua. Kama tunazungumzia hewa peke yake, boti ilipaswa kwenda kasi zaidi kidogo kule juu. Mimi ningetazama maji kabla ya hewa. Je, joto la maji lilipimwa?

#5 MwalimuTukuyu
Lilipimwa kwa kipimajoto cha maabara, karibu na uso. Matema nyuzi 26, Ngwazi nyuzi 14.

#6 MdauSongwe
Jibu si liko wazi? Maji ya ziwa kubwa yana chumvi, maji yenye chumvi ni mazito na huinua chombo zaidi, na chombo kilichoinuliwa husuguana na maji kidogo. Bwawani hakuna chumvi, hivyo boti imezama zaidi.

#7 MtumbwiMatema
Ndugu MdauSongwe, sisi wa Matema tunapikia maji hayo na kuyanywa tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kupunguza chumvi kwenye mboga kwa sababu yake. Ziwa lenye maji ya magadi liko upande wenu, nalo ni Rukwa. Nyasa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

#8 Kipimo
Nakazia la MtumbwiMatema kwa tarakimu. Maji baridi ya nyuzi 26 yana uzito wa takribani kilo 996.8 kwa mita ya ujazo, na ya nyuzi 14 yana takribani kilo 999.2. Tofauti ni robo ya asilimia moja, tena inaisaidia Mufindi, kwa hiyo suala la kuelea tuliweke kando.

Kinachobadilika sana ni mnato, yaani jinsi maji yanavyokataa kutiririka. Maji ya nyuzi 14 yana mnato unaozidi ule wa maji ya nyuzi 26 kwa karibu theluthi nzima. Boti kubwa haioni tofauti hiyo, lakini boti ya sentimita 60 inaiona, kwa sababu kwa chombo kidogo msuguano wa ngozi yake na maji ni sehemu kubwa ya upinzani wote. Hata hivyo nisiwadanganye: msuguano haupandi kwa theluthi kama mnato ulivyopanda. Maji yanapokuwa yamevurugika kando ya boti, unapanda kwa kama asilimia 6 tu, na hata yakipita kwa utulivu hauzidi asilimia 15 au 16. Kutoka sekunde 14 hadi 19 ni safari ndefu kuliko hiyo.

#9 FundiSido
Nimesoma yote nikashangaa kwamba hakuna aliyeuliza habari za betri. Mwalimu, tueleze: betri ni ya aina gani, ilichajiwa wapi, na usiku wa kuamkia mashindano ililala wapi?

#10 MwalimuTukuyu
Ni seli za duara zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa, ambazo wanafunzi walizipima moja moja na kuchagua zilizo hai. Ziko sita: jozi tatu zilizounganishwa mfululizo, na kila jozi ni seli mbili zilizowekwa sambamba. Zilichajiwa Tukuyu kwa chaja yake maalumu inayosawazisha seli. Usiku tulilala Mafinga, nayo boti ilibaki ndani ya gari pamoja na betri yake.

#11 FundiSido
Basi mimi sihitaji kusoma zaidi. Mafinga mwezi Julai, ndani ya gari usiku kucha, betri imeamka ikiwa na baridi ya friji.

Seli za kompyuta mpakato zimeundwa kutoa mkondo mdogo kwa muda mrefu. Mota ya ukubwa huo ikibebeshwa mzigo inaweza kudai ampea 12, yaani kila seli inatoa ampea 6, na kwa seli iliyokwishatumika hiyo ni kazi ngumu hata wakati wa joto. Tuchukue kwamba ukinzani wa ndani wa seli ni miliomu 70 katika joto la Matema: volti inayopotea ni 0.42 kwa kila jozi, na jozi tatu zinapoteza 1.26. Katika baridi, ukinzani huo unaweza kupanda maradufu, na hasara ikawa kama volti 2.5. Kutoka volti 11.1 za kawaida, Matema mota ilipata karibu 9.8 na Mufindi 8.6. Mizunguko ya mota hufuata volti, kwa hiyo propela imepoteza kama asilimia 12 ya mizunguko yake kabla boti haijaondoka ukingoni.

Ukizipima kwa mita bila mzigo, seli zitakuonyesha kwamba zimejaa, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

#12 Nyalukolo
FundiSido, kwa hilo sina ubishi mkubwa, na kwa kuwa mashindano yamekwisha naweza kusema: wanafunzi wetu hawakuiacha betri ndani ya boti hata dakika moja. Mwanafunzi mmoja aliiweka ndani ya sweta, chini ya kwapa, na hakuitoa mpaka jina la boti lilipoitwa. Hakuna sharti lililokataza.

#13 MpitaNjia
Kumbe siri ya nyanda za juu ni kwapa! Mwalimu, andika sharti jipya: betri zote zipimwe joto kabla ya kushuka majini, na wachezaji wavue masweta.

#14 MamaNjombe
Samahani kwa kuingia kati. Mwanangu yuko kwenye klabu kama hizo, na kusikia betri ya lithiamu ikiwekwa kwapani kumenitisha. Je, ni salama? Nyumbani nimemkuta akitaka kuichaji kwa chaja ya betri ya gari ya baba yake.

#15 FundiSido
Mama, kwapani si tatizo kama seli zimefungwa vizuri na nyaya zake haziwezi kugusana. Kwenye chaja ya gari ndipo penye hatari, na naomba umzuie kabisa. Betri ya seli tatu za lithiamu inajaa kwenye volti 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli, ilhali chaja ya betri ya gari inaweza kufika volti 14.4. Seli ikipita kiwango chake huvimba, na inaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Achaji kwa chaja ya lithiamu, juu ya sakafu ya saruji, akiwa macho.

#16 MamaNjombe
Ahsante, fundi. Nimeificha.

#17 MzeeItungi
Vijana wangu, nimefanya kazi kwenye vyumba vya injini za meli za ziwa hili mpaka nikastaafu, na naona mnaidharau hoja ya kimo mapema mno. Mota haipumui, ni kweli, lakini propela inaishi ndani ya maji yanayokandamizwa na hewa.

Propela inapozunguka kasi sana, upande mmoja wa panga lake mgandamizo wa maji hushuka mno, na ukishuka kupita kiasi maji huchemka hapohapo yakiwa baridi, yakatoa mapovu, na propela ikashika mvuke badala ya maji. Mwingereza Charles Parsons alikutana na balaa hilo kwenye boti yake Turbinia iliyoingia majini mwaka 1894. Alikuwa na turbini yenye nguvu za kutisha lakini propela moja ikawa inakoroga mapovu tu, mpaka alipogawanya nguvu hiyo kwenye mihimili mitatu yenye propela tatu kila mmoja, na mwaka 1897 akawapita maofisa wa jeshi la majini la Malkia Victoria kwa mwendo wa zaidi ya noti 30.

Sasa, ukingoni mwa Nyasa mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 96. Ngwazi ni kama 81. Mnajua wenyewe kwamba maharage ya Mufindi huchelewa kuiva, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Kinachofanyika kwenye sufuria kinafanyika pia mgongoni mwa propela.

#18 BintiKyela
Shikamoo mzee. Shikamoni walimu. Mimi ni mmoja wa wanafunzi walioiunda boti hiyo, na nimefurahi kwamba angalau mtu mmoja amesimama na hoja ya kimo.

#19 MzeeItungi
Marahaba, mjukuu wangu. Sijasema mmeshinda kesi. Nimesema isifutwe.

#20 Kipimo
Mzee, shikamoo. Nimejaribu kuipima hoja yako. Kama propela ina kipenyo cha milimita 35 na inazunguka mara 9,000 kwa dakika, ncha yake inakata maji kwa zaidi ya mita 16 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kushuka kwa mgandamizo kunaweza kweli kulingana na mgandamizo wa hewa wenyewe, hivyo mapovu ya mvuke yanawezekana kwa boti zote mbili, na Mufindi yangeanza mapema zaidi. Maji baridi hayachemki kirahisi kama ya uvuguvugu, lakini nafuu hiyo ni kama kilopaskali 2 tu dhidi ya 15 zilizopotea kwa kimo, kwa hiyo hailipi deni.

Wasiwasi wangu ni kwamba kwa boti ndogo mapovu mengi huwa ni hewa iliyovutwa kutoka juu ya uso, kwa sababu propela iko sentimita chache tu chini ya maji, na hewa hiyo haijali uko Kyela au Mafinga. Ningependa kujua propela yenyewe ilitengenezwa vipi.

#21 BintiKyela
Naomba nijibu mimi. Propela tuliikata kwenye mfuniko wa sufuria kuukuu ya alumini, kwa mkasi wa bati, ikiwa na mapanga mawili, kisha tukaipinda kila panga kwa koleo tukifuata pembe tuliyoichora kwenye karatasi ngumu. Mhimili ni spoki ya baiskeli, na upande wenye nyuzi tumeubana kwa nati za spoki, moja mbele ya propela na moja nyuma. Bomba la mhimili ni kipande cha antena ya redio ya zamani kilichojazwa grisi ili maji yasiingie. Kingo za mapanga tulizisugua kwa msasa, ila panga moja lina kovu dogo la koleo karibu na ncha, na hilo kovu lilikuwepo Matema vilevile.

#22 MzeeItungi
Kazi nzuri sana hiyo, mjukuu. Lakini umenipa jambo jingine: grisi. Grisi ya magari ikikaa usiku kucha kwenye baridi ya Mafinga inakuwa ngumu kama mafuta ya ng'ombe, na mhimili mwembamba kama spoki unahangaika kuikata. Mota yenu ina nguvu ndogo, na kila anayeigusa ana sehemu yake. Jaribuni mafuta ya cherehani yaliyochanganywa na grisi kidogo.

#23 FundiSido
Mzee, grisi ikisuguliwa kwa mizunguko elfu tisa inapata joto na kulainika ndani ya sekunde chache. Tatizo bado ni betri.

#24 Kipimo
Nadhani tunagombania sababu moja wakati boti yenyewe haidai sababu kubwa. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo.

Boti inayokwenda polepole inasukuma maji pembeni na kutengeneza wimbi omoni na jingine tezini. William Froude, aliyejenga birika la majaribio huko Torquay, Uingereza, mwaka 1872, alionyesha kwamba mwendo wa mawimbi hayo unategemea kipeuo cha pili cha urefu wa chombo. Kwa boti ya sentimita 60, wimbi linakuwa refu kama boti yenyewe inapofika karibu mita 1 kwa sekunde, na kuanzia hapo boti inajikuta inapanda mlima wa wimbi lake mwenyewe. Yenye nguvu ya kutosha inauvuka mlima huo, inanyanyuka na kuteleza juu ya maji. Isiyo na nguvu inabaki imeinua omo na kuzamisha tezi, inakula umeme mwingi bila kwenda popote.

Boti ya Tukuyu ilikwenda mita 3.6 kwa sekunde Matema na mita 2.6 Mufindi. Kwa uzito wa boti za namna hii, mwendo wa kwanza ni wa boti iliyokwisha kunyanyuka, na wa pili ni wa boti iliyonyanyuka nusu. Katika eneo hilo la katikati, ukipunguza nguvu kwa sehemu ndogo, mwendo unaanguka kwa sehemu kubwa. Betri ikichukua chake, mnato ukachukua chake, propela ikachukua chake, boti inaporomoka kutoka juu ya maji na kurudi ndani yake. Mwalimu, kama kuna video, angalia tezi.

#25 MwalimuTukuyu
Video zipo. Matema, omo iko juu kidogo tu na nyuma ya boti kuna mkia mwembamba wa maji meupe. Mufindi, omo imeinuka sana, tezi imezama karibu na ukingo, na wimbi linalofuata nyuma ni pana. Uzito wa boti ni kilo 1.4.

#26 MtumbwiMatema
Uzito huo ulipimwa lini? Mimi huchonga mitumbwi, na najua mti unavyokunywa maji. Mmesema boti ni ya plaiwudi. Kama rangi ilichubuka kwenye mkuku siku ya Matema, boti imekaa na unyevu kuanzia Mei hadi Julai, na ninyi mnaendelea kusema kilo 1.4.

La pili, siku ile Matema upepo wa mwera ulikuwa umeanza, na maji yalikuwa na viwimbi vidogo. Chombo chepesi kinapenda maji ya namna hiyo kwa sababu hewa inaingia chini ya kitako. Kwenye maji yaliyotulia kama kioo, kitako kinanata.

#27 Kipimo
Hilo la maji ya kioo lina ukweli hata kwa vyombo vikubwa. Marubani wa ndege zinazotua majini hulalamika kwamba kuruka kutoka kwenye maji yaliyotulia kabisa kunahitaji mbio ndefu kuliko kwenye maji yenye viwimbi.

#28 Nyalukolo
Asubuhi ile bwawa lilikuwa limetulia tuli, na ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri. Lakini nauliza swali ambalo nimelikalia tangu mwanzo: mita 50 za Matema zilipimwa kwa nini? Sisi tulipima kwa utepe wa chuma wa kupimia viwanja vya michezo.

#29 MtumbwiMatema
Zilipimwa kwa kamba yangu ya katani, ambayo niliipima mwenyewe juu ya mchanga ikiwa kavu, nikaifunga kwenye maboya mawili. Ilikuwa mita 50 kamili, na sioni sababu ya kuitilia shaka.

#30 FundiSido
Mkuu, kamba ya katani ikiloa hufupika. Nyuzi zake hunenepa, na msokoto unavuta urefu. Kila aliyewahi kuanika nguo kwenye kamba ya katani wakati wa mvua ameona ilivyokaza. Ya nailoni ndiyo hulegea.

#31 Nyalukolo
Kumbe! Basi rekodi ya ziwa ni ya mita pungufu.

#32 BintiKyela
Hata kama ilifupika, haiwezi kuwa ilifupika kiasi cha kueleza tofauti yote. Kama mwendo ulikuwa uleule wa Mufindi, sekunde 14 zingetosha kwa chini ya mita 37. Yaani kamba ingepoteza zaidi ya mita 13, na maboya yangegongana na walimu waliosimama majini. Ikifupika kwa asilimia 5, tunazungumzia mita 2 na nusu, ambazo ni kama sekunde 0.7.

Kuna jambo ambalo halijatajwa. Matema nilishika rimoti mimi, na Mufindi alishika mwenzangu, kwa sababu walimu walitaka kila mmoja apate nafasi. Kwenye video ya Mufindi usukani unacheza kushoto na kulia kwa njia nzima. Kila usukani unapokatwa unafanya kazi ya breki.

#33 MpitaNjia
Mwenzako yuko humu anasoma, binti. Kesho darasani mtaonana.

#34 KijanaWaRimoti
Niko humu. Usukani niliucheza kwa sababu boti ilikuwa inavuta upande mmoja, na ilivuta kwa sababu propela moja isiyo na mwenza huisukuma tezi pembeni, hasa boti ikiwa imezama nyuma. Ikinyanyuka vizuri haivuti sana. Kwa hiyo usukani ni matokeo, hauwezi kuwa chanzo. Nina swali langu: baada ya Matema tulibadilisha rimoti, ile ya zamani ya megahezi 27 iliyokuwa inashika redio za jirani, tukaweka ya gigahezi 2.4. Je, kidhibiti mwendo kilifundishwa upya mwisho wa kijiti uko wapi?

#35 FundiSido
Hilo ndilo swali la maana kuliko yote baada ya betri. Kidhibiti mwendo kinapounganishwa na rimoti mpya ni lazima kioneshwe mwanzo na mwisho wa kijiti. Kisipooneshwa, unaweza kusukuma kijiti hadi juu na mota ikapata asilimia 80 tu, bila dalili yoyote. Mwalimu, ilifanyika?

#36 MwalimuTukuyu
Aliyefunga rimoti ni mwanafunzi ambaye amehamia shule nyingine. Kwa sasa kijiti kikiwa juu mota inazunguka kwa nguvu, lakini sina cha kulinganisha nacho.

#37 MzeeItungi
Cha kulinganisha mnacho, na hakihitaji ziwa. Chukueni mizani ya springi ya maabara, fungeni boti kwa uzi tezini, iwekeni kwenye pipa refu la maji, halafu someni inavuta niutoni ngapi. Fanyeni hivyo betri ikiwa na joto, kisha ikiwa imelala nje. Badilisheni grisi, rudieni. Badilisheni rimoti, rudieni. Meli kubwa zenyewe hupimwa hivyo, zikiwa zimefungwa gatini.

#38 Kipimo
Naunga mkono, kwa tahadhari moja: boti iliyofungwa haitatuonyesha lolote kuhusu kunyanyuka, mnato wala viwimbi. Itatuambia habari za mota, betri na propela tu.

#39 MdauSongwe
Na wala haitasema nani mshindi. Pendekezo langu ni kuzikutanisha boti zote siku moja kwenye maji mamoja. Kama Mufindi hawana nauli ya kufika Matema, na Tukuyu hawataki tena baridi ya Ngwazi, kuna Ziwa Masoko pale Rungwe, ambalo liko juu ya Nyasa na chini ya Mufindi.

#40 MpitaNjia
Masoko? Wanafunzi wataziacha boti na kuanza kupiga mbizi kutafuta sarafu ambazo Wajerumani husemekana walizitupa humo.

#41 Nyalukolo
Sisi tutakuja Masoko kwa masharti mawili: mita 50 zipimwe kwa utepe wa chuma, na kila shule iruhusiwe kutunza betri yake inavyoona inafaa, kwapani ikiwemo. Hoja ya kupunguziwa sekunde kwa ajili ya kimo hatuikubali mpaka mtu atuonyeshe boti moja iliyokimbia maeneo yote mawili ikiwa na betri yenye joto lilelile.

#42 BintiKyela
Na sisi hatukubali kwamba sekunde 14 zilikuwa za uongo mpaka mtu aonyeshe kamba imefupika kiasi gani.

#43 MtumbwiMatema
Kamba ninayo bado hapa nyumbani, imening'inia kwenye mwembe. Mwenye utepe wa chuma aje tuipime ikiwa kavu, kisha tuiloweke ziwani tuipime tena.

#44 FundiSido
Tangu Mei imeloa na kukauka kila uvuapo, mkuu. Utakachopima ni kamba ya leo.

#45 MtumbwiMatema
Njoo na utepe.